Kijani cha Subilaga

Kitufe cha Subilaga kiliwaka kijani kabla hata hajafumba macho vizuri. Wenzake walikuwa bado wanakohoa na kutafuta mahali pa kuweka mikono, yeye tayari kifua kinang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua, na kanisa zima likaguna kwa raha. "Aleluya," akasema mtu wa viti vya nyuma. Mchungaji Mwaisaka alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Atuganile, aliyesimama kando ya mdogo wake na tarumbeta mkononi, aliinamisha uso kutazama kitufe chake mwenyewe. Bluu. Bluu ileile ya Jumapili iliyopita na ya Jumapili zote kabla ya hiyo. Akafumba macho, akaomba kwa nguvu, akamwita Bwana kwa majina yote anayoyajua na mengine ya kuungaunga. Akafumbua jicho moja, akachungulia.

Bluu.

Roho ilimuuma. Tusizunguke: ilimuuma. Wenye maneno wangesema ana roho ya korosho, mtu gani anamwonea mdogo wake kijicho mbele ya msalaba, tena Alhamisi Kuu? Lakini wenye maneno hawakulea baba aliyepooza, wala hawakupuliza tarumbeta katika baridi ya Ikombo tangu wakiwa na mafua ya utotoni. Na Subilaga aliyafanya yapi? Alikwenda Tunduma, akanywa vyote vinavyonyweka mpakani, akarudi baba akiwa ameshazikwa, akalia, akaoga, akavaa kitufe. Kijani.

Kile kidude kilikuwa na jina refu huko kilikotengenezwa. Sisi wa Ikombo tulikiita shahidi. Kitufe kinakaa kifuani, na uzi mwembamba unapanda hadi nyuma ya sikio. Muda wote, na hasa ukianza kuomba, uzi unasikiliza damu na ubongo, na kitufe kinatoa rangi ya kile kilichokuleta mbele za Mungu. Manjano ni hofu. Nyekundu ni haja: mvua, mume, mtihani wa mtoto. Bluu ni mazoea. Kijani ni upendo. Sinodi ilikileta baada ya miaka ya manabii wa uongo waliokula mashamba ya wajane huku wakilia machozi madhabahuni, na kwanza walivalishwa wachungaji peke yao. Watu walifurahi. Kisha wakavalishwa wazee wa kanisa, watu wakafurahi zaidi. Kisha sisi wenyewe tukaanza kukitaka, maana nani asiyetaka kujulikana? Kwaresima ya mwaka huu amri ikafika kwenye bendi: atakayetangulia katika huduma awe kijani.

Na kutangulia kwenyewe, kwetu, si jambo dogo. Sisi hatungoji Pasaka itukute kitandani. Alfajiri bendi hupita nyumba kwa nyumba ikituamsha, tukafuatana wote hadi makaburini, na pale jua linapochungulia ukingoni mwa mlima, tarumbeta moja hulia peke yake juu ya waliolala. Kabla halijalia, mchungaji akishasoma majina ya waliokufa mwaka huo, hakuna anayesema neno. Likishalia ndipo mchungaji anatangaza kwamba Bwana amefufuka. Anayelipuliza huitwa Mwamshaji. Mzee Anyandwile alikuwa Mwamshaji maisha yake yote, na kiharusi kilipomkunja mdomo, bintiye Atuganile alilichukua tarumbeta kutoka mkononi mwake na kupuliza, Pasaka baada ya Pasaka, na hajawahi kukosea.

"Dada Atuganile," Mchungaji akasema sasa, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anyweshwe dawa, "kazi yako tunaijua. Hakuna anayeibeza. Ila amri ni amri. Mwaka huu Mwamshaji atakuwa Dada Subilaga."

"Subilaga hajui kupuliza, Mchungaji."

"Ndiyo maana namshukuru Mungu kwamba ana dada anayejua." Akamshika bega. "Utamfundisha. Ni sauti moja tu."

Nje, mashine za kuchuma chai zilikuwa zinatembea kwenye miteremko, miguu yao mirefu ikiingia na kutoka kwenye ukungu. Atuganile alizitazama kupitia dirishani ili asimtazame mtu yeyote.

"Ndaga, Mchungaji," akasema. Asante. Ingekuwa mate, angeyatema.

*

Jioni ile Subilaga alipiga hodi nyumbani kwao akiwa na mkungu wa ndizi begani na wimbo mdomoni. Alikuwa amepanga chumba kule sokoni. Nyumba ya wazazi ilibaki kwa Atuganile na mama yao.

"Mwanangu umekuja!" Mama alitupa kisu cha kumenyea akainuka na magoti yake mabovu. "Njoo hapa motoni, umelowa. Atu, mpishe mwenzako kigoda."

Atuganile akampisha kigoda. Yeye aliingia na kutoka katika nyumba hiyo kila siku ya Mungu, na hakuna siku aliyoambiwa umekuja. Asiyeondoka atapokelewa vipi?

"Mama, Jumapili utakuja makaburini?" Subilaga aliuliza.

Mama akarudi kwenye ndizi zake. Shahidi wake mwenyewe alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga na kukisukumia chini ya godoro. Kilimwakia manjano mbele ya akina mama wote, na tangu hapo Jumapili zake zilikuwa za jikoni.

"Nikafanye nini? Mimi namwogopa Mungu. Ndivyo nilivyofundishwa, mwogope Mungu, nikamwogopa kwa moyo wote. Leo naambiwa ni aibu." Akakata ndizi vipande kwa hasira. "Nyie nendeni. Nitawasikia kwa mbali."

Wakatoka barazani kujifunza. Subilaga alivimbisha mashavu, akapuliza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Atuganile alicheka. Alicheka kuliko ilivyostahili, na kicheko kikamburudisha koo.

"Usijaze mashavu, wewe. Hupulizi moto wa jiko. Bana midomo, halafu puliza kama unayetema ganda la mbegu ya boga."

"Hivi?"

Mbuzi mwingine.

"Hivyo hivyo," Atuganile akasema kwa furaha. "Endelea hivyo hivyo, utawafufua kweli. Watakimbia."

Subilaga naye alicheka mpaka akakaa chini. Hilo ndilo lililomshinda Atuganile: mdogo wake hanuni. Ungemchoma angekuuliza kama sindano imekuumiza mkono. Alipomaliza kucheka aligusa kitufe chake, akakizungushazungusha kwa kidole.

"Dada, nakushukuru. Najua ni lako hili tarumbeta. Lakini nikuambie kitu? Siku hiki kilipowaka kijani ndiyo siku niliyojua nimepokelewa. Kabla ya hapo watu walikuwa wananipa mkono, mimi najua wananinusa kama nimelewa. Kikaniwakia. Nikasema, haya, kama Mungu mwenyewe amenishuhudia. Bila hiki saa hizi ningekuwa Tunduma, Dada. Au ningekuwa chini ya udongo."

"Puliza," Atuganile akasema.

Subilaga akabana midomo. Safari hii haikutoka sauti ya mbuzi. Ilitoka sauti moja, ndefu, ya duara, ikapita juu ya migomba ikaenda mlimani, na mwishoni ikatetemeka kidogo namna alivyokuwa akiitetemesha Mzee Anyandwile. Atuganile hajawahi kuupata ule mtetemo. Alikuwa ameutafuta miaka yote.

Jikoni kisu kikaanguka. "Anyandwile?" Mama akaita, kisha wakamsikia analia.

Hapo jambo likapanda ndani ya Atuganile kutoka kwenye nyayo. Alimkazia mdogo wake macho, yule mwenye midomo iliyolowa, na dunia yote ikafutika akabaki huyo mmoja. Akakumbuka mzee alivyokata roho. Yeye ndiye aliyekuwa amemshika kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa amempangusa mate. Na mzee akafungua kile kinywa kilichopinda, akamtaja aliyekuwa Tunduma.

"Dada," Subilaga akanong'ona. "Dada! Tazama!"

Kitufe cha Atuganile kilikuwa kinawaka kijani.

Si kijani cha kusitasita. Kijani kibichi, kilichojaa, kikaangaza hata mikono yake. Subilaga alilia kwa sauti, akamrukia shingoni. Mama alitoka na utomvu wa ndizi mikononi, akaona, akapiga kigelegele ambacho majirani walikijibu bila kujua ni cha nini.

"Basi ni lako!" Subilaga alikuwa ameshaanza kushuka ngazi za baraza. "Tukiwa kijani wote wawili, anachukua aliyetumika zaidi, ndivyo amri inavyosema. Nilikuwa nakushikia tu, Dada! Ngoja nimwambie Mchungaji!" Akakimbia, kitenge juu ya magoti, akapiga kelele za furaha hadi barabarani. Hakuwa na hata chembe ya kinyongo. Atuganile aliitafuta asiione.

Alipobaki peke yake alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye maboga. Alikuwa ameanza kutumaini. Labda ni neema. Labda baada ya miaka yote Bwana amegeuka akamwona. Akafumba macho, akafikiria msalaba. Akachungulia: bluu. Akafikiria mbingu. Bluu. Akamfikiria baba yake, ikataka kubadilika, ikarudi bluu.

Akamfikiria Subilaga na lile tarumbeta mdomoni.

Kijani kikawaka mpaka majani ya maboga yakaonekana kila mshipa.

Akarudia. Akarudia tena. Kisha akakaa juu ya jiwe la kufulia, akakifunika kitufe kwa kiganja, na mwanga ukawa unapenya katikati ya vidole.

*

Ambokile, fundi aliyewekwa na Sinodi kuwatunza mashahidi wa usharika wetu, alikuwa na chumba nyuma ya madhabahu chenye joto kuliko nyumba zote za Ikombo. Jumamosi asubuhi Atuganile alimkuta anakula parachichi kwa kijiko.

"Mwamshaji wetu!" akasema. "Bwana asifiwe."

"Amina. Kaka Ambokile, hiki kidude kinaona nini?"

"Kinaona upendo."

"Nimekuuliza kinaona nini."

Ambokile aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mwema, mnene, asiyependa makuu, na uso wake haukuwahi kujua kuficha kitu.

"Umeanza kukijaribu," akasema.

"Nimekijaribu. Nikimwaza Mungu ni bluu. Nikimwaza mdogo wangu anavyoninyang'anya kila kitu, ni kijani."

Akainuka akafunga mlango. Alirudi, akakaa, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko parachichi lilivyohitaji.

"Sikiliza. Shahidi hamwoni Mungu, hakuna chombo kinachomwona. Kinaona mtu alivyomshika mtu. Damu inavyokwenda, pumzi, ubongo unavyomng'ang'ania mmoja na kuwasukuma wengine wote pembeni. Walipokuwa wanakifundisha rangi, waliwakusanya maharusi na akina mama wenye vichanga, wakawapima, wakakiambia: ukiona hali hii, sema kijani. Ndiyo upendo ulivyo, sivyo? Mtu mmoja anaujaza ulimwengu."

"Na mwenye wivu?"

"Hakuna aliyewaza kumwita mwenye wivu." Akacheka bila furaha. "Mwenye wivu naye, mtu mmoja anaujaza ulimwengu wake. Hakuli, halali, anamwaza huyo huyo. Kwa kitufe ni hali ileile. Mimi nililiona hilo mwaka jana. Niliwaandikia. Wakanijibu ni kasoro ndogo."

"Kasoro ndogo! Mama yangu haji kanisani kwa sababu ya kasoro ndogo."

"Mama yako aliwaka manjano. Hofu kinaijua sawasawa."

"Kinaijua, ndiyo. Lakini nani alisema hofu yake ni duni kuliko kijani changu hiki?"

Ambokile alilisogeza parachichi kando. "Unataka kuwaambia watu," akasema taratibu. "Fikiria kwanza. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Ukisimama ukasema kijani chako ni wivu, kila kijani cha kanisa hili kitaulizwa. Cha wazee. Cha Mchungaji. Cha mdogo wako. Nyamaza, kesho upulize, mambo yaishe. Nani anaumia?"

Atuganile alitoka pale akatembea bila kuangalia njia, akajikuta kwenye mashamba ya chai, mashine zikimpisha kwa adabu yao ya chuma. Nani anaumia? Mama anaumia. Na kama yeye anaumia, basi wako wengine wa bluu na manjano waliojifungia majumbani, watu waliokuwa wanakuja kwa sababu ya nyimbo, au kwa kuwa wamezoea, au kwa kuwa jirani alipita akawaita. Hao nao walikuwa watu wa Mungu mpaka kitufe kilipowakatalia.

Lakini Subilaga. Subilaga alikuwa amekishika kile kijani kama mtu anayezama mtoni anavyoshika tawi. Ukimwambia tawi si mti, hata si tawi, kwamba hakuna aliyemshuhudia wala kumpokea, ataachia. Atapanda gari la kwenda Tunduma kabla ya Jumatatu ya Pasaka.

Na hapo ndipo Atuganile alipojiogopa. Kwa maana alipoiwaza picha hiyo, Subilaga bila kijani, Subilaga kama watu wengine, kilichomjia hakikuwa huruma peke yake. Utamu pia ulikuwemo. Alijipekua kwa uaminifu, kama anavyopekuliwa mtoto aliyeiba sukari. Alitaka kusema kwa sababu ni kweli. Alitaka kusema kwa ajili ya Mama. Na alitaka kusema ili ile taa izimike kwenye kile kifua. Yote matatu yalikuwemo, na la tatu ndilo lililokuwa na misuli.

Je, ukweli unaosukumwa na husuda bado ni ukweli? Na kama atanyamaza, atakuwa amenyamaza kwa huruma, au kwa kuwa tarumbeta limesharudi mkononi? Aliuliza hivyo kwa sauti, katikati ya chai. Kifuani pake, kwa kuwa alikuwa anamwaza Subilaga, kitufe kiliendelea kuwaka kijani.

*

Alfajiri ya Pasaka ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Bendi ilipita, milango ikafunguka, watu wakatoka na blanketi mabegani, na vitufe vyetu vikapanda kilima cha makaburi kama vimulimuli wa rangi nne. Walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Tuliliona hilo, na hakuna aliyelisema. Mama yao alikuja, kumbe. Alisimama nje ya ua wa makaburi, amejifunika khanga mpaka puani, kifuani hana kitu.

Mchungaji Mwaisaka aliyasoma majina ya waliotuacha mwaka ule. Kisha akamgeukia Atuganile, akaona kijani chake, akatikisa kichwa kwa furaha, akarudi nyuma hatua moja. Ukingo wa mlima ulikuwa umeanza kupauka.

Subilaga alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono ameikumbatia kifuani. Alikuwa anamtazama dada yake kama anayetazama harusi.

Atuganile alilipandisha tarumbeta. Akalishusha.

"Wapendwa," akasema.

Mguno ukapita. Kusema kabla ya tarumbeta! Hata watoto hawathubutu.

"Hiki kijani si cha Mungu. Kitufe hakijui kutofautisha upendo na wivu. Ambokile yupo pale, mwulizeni, anajua. Mimi nimewaka kijani kwa kumwonea wivu mdogo wangu. Namwonea wivu kwa sababu baba alimtaja yeye, mama anamwinukia yeye, na Mungu..." Akalikumbatia tarumbeta. "Nilidhani hata Mungu. Nimekaa humu maisha yangu yote, sijaondoka, na sijui kwa nini sijaondoka. Labda mazoea. Basi. Siwezi kupuliza juu ya baba yangu nikiwa na uongo kifuani."

"Dada Atuganile," Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, Mchungaji? Hawa waliolala hapa angalau hawasengenyi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Macho yote yalikwenda kwa Ambokile. Fundi aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, na kuinama kule kulitosha. Tukaanza kutazamana vifuani. Mzee wa kanisa mmoja akafunga koti. Mchungaji Mwaisaka, polepole, kama mtu anayejikuna tu, alikifunika kijani chake kwa kiganja.

Atuganile akakivuta kitufe chake, uzi ukakatika nyuma ya sikio, akakitia mfukoni. Halafu akafanya lililokuwa gumu zaidi: akamtazama Subilaga.

Uso wa Subilaga ulikuwa umesawijika. "Kwa hiyo hakimwoni Mungu," akasema. Alisema kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua.

"Hakimwoni."

"Kinaona nini?"

"Kinaona mtu anavyomkazia mtu mwingine moyo. Basi. Nisamehe."

Tuliokuwa karibu tulijua tunachongoja: tulingoja ageuke, ashuke kilima, asirudi. Atuganile alikuwa anangoja hilohilo, na ule utamu wa jana aliutafuta ndani yake akaukuta umekuwa shubiri.

"Basi kimesema kweli," Subilaga akasema.

"Kweli gani?"

"Mimi kuomba sijui, Dada. Sijawahi kujua. Nikifumba macho maneno yananikimbia, nabaki nakuona wewe. Nilipotoka Tunduma nilikuja moja kwa moja hapa, nikakuta kaburi limeshafungwa, na wewe umesimama juu yake unapuliza, kamasi zinakutoka, na huachi. Nikasema, mimi nitakaa alipo huyu. Sikuja kwa Mungu. Nilikuja kwako." Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Kila Jumapili nakutazama wewe, kinawaka. Nikadhani Mungu amekubali tu, kwamba amejua sina kingine."

Nyuma ya ua, Mama alikuwa ameshika fito kwa mikono yote miwili.

Atuganile alisimama pale na tarumbeta la baba yake, hana pa kuweka uso. Ile taa aliyoililia, aliyoilaani, aliyotamani izimike, ilikuwa inamwakia yeye. Ungedhani hapo moyo wake ungeyeyuka wote. Uliyeyuka, kiasi. Lakini tumweleze mtu kama alivyo: hata pale, katikati ya kuyeyuka, alimwonea Subilaga wivu kwa kuweza kusema jambo kama lile mbele za watu, kirahisi hivyo, wakati yeye maneno yote yamemkwama.

Subilaga akakibandua kitufe chake, akakikabidhi kwa Ambokile kama anayerudisha kijiko cha watu. "Sasa sijui nitakaa kwa sababu gani," akasema.

"Hata mimi sijui," Atuganile akasema. Akasogea pembeni juu ya nyasi zilizolowa, akaacha nafasi. "Simama hapa."

Subilaga akaja, akasimama.

Jua lilikuwa limeshatoa ukucha wake juu ya mlima. Hakuna aliyemwambia Atuganile apulize, na hakuna aliyemkataza. Wivu ulikuwa bado upo, umekaa palepale chini ya mbavu. Akavuta pumzi kuupita, akapuliza.